Kalamu Iliyomfanya Punda Nyama

Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayeiba punda anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema anayempiga punda huyohuyo, akamlaza njaa au kumtwisha mzigo unaomvunja mgongo, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hizi mbili zimeishi vitabuni kwa zaidi ya nusu karne bila kugombana. Punda alitambuliwa kwanza kuwa mali ya mtu. Maumivu yake yalitambuliwa baadaye, tena kwa bei ya chini.

Kati ya mwaka 2016 na 2020 katika pengo hilo yalipita malori. Ndani ya miaka mitano hivi, Kenya ilijenga vichinjio vinne vya punda, ikachinja mamia ya maelfu, ikaogopa hesabu yake yenyewe, ikavipiga marufuku, kisha mahakama ikaifuta marufuku hiyo. Mjadala wote ulihusu nini hasa? Wengine walisema ni ukatili. Wengine walisema ni biashara na ajira. Waliosikika mwisho ndio waliokuwa na hoja nzito kuliko wote: wenye punda wenyewe, watu wa mikokoteni na akina mama wa mitungi ya maji, waliosema wanaibiwa.

Siongiroi ni mahali pazuri pa kuitazama historia hii. Soko hili la Chepalungu, katika kaunti ya Bomet, liko pale ambapo nchi ya majani chai imeshaanza kuishiwa. Ukishuka kutoka Kericho kupitia Litein na Sotik, zulia la chai linakatikakatika, mahindi na malisho yanachukua nafasi, na upande wa pili kabisa ni Narok kwa Wamaasai. Chai ilipata barabara na viwanda tangu enzi za ukoloni. Maji, mahindi na maziwa ya Chepalungu yalipata punda.

Mnyama wa hapa, mnyama wa kuja

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, na kwamba walifugwa mara ya kwanza Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, karibu miaka 7,000 iliyopita. Kutoka huku walienea Misri, Asia na Ulaya. Jambo hili halitajwi sana, labda kwa sababu hakuna anayejivunia punda, ila ni muhimu: mnyama aliyekuja kutafutwa na wafanyabiashara kutoka upande wa pili wa dunia alikuwa ametokea huku huku.

Farasi ana historia tofauti. Walowezi wa Kizungu walimleta mwanzoni mwa karne ya 20 wakiwa na mbio na uwindaji akilini, na chama cha mbio za farasi kilianzishwa Nairobi mapema, wakati mji wenyewe ulikuwa bado mahema na mabati. Lakini farasi hakuizoea nchi. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, virusi vinavyosambazwa na visubi, ulimuua kwa siku chache. Mbung'o walimmaliza aliyebaki. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakimfukuza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika Tanganyika yalipoteza farasi na nyumbu kwa maelfu, wengi wao bila kupigwa risasi hata moja. Wapagazi wa Kiafrika waliwarithi mizigo yao, na wao pia wakafa kwa maelfu.

Punda alistahimili zaidi. Wamaasai walimtumia kuhamisha boma, na majirani zao Wakipsigis, wanaomwita sigiriet, walimjua kwa jirani hao. Hakuwa mnyama wa mahari wala wa heshima. Ng'ombe aliimbiwa nyimbo. Punda alitwishwa shogi.

Cairo, 1930

Sheria za ustawi wa wanyama zilizokuja kutumika Kenya zilianzia Uingereza. Mwaka 1822 bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzuia mateso ya mifugo, ikiwataja farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo, na miaka miwili baadaye kikaundwa chama kilichokuja kuitwa RSPCA. Walowezi wa Kenya walikuja na fikra hizo ndani ya mizigo yao, na mtangulizi wa chama cha KSPCA cha leo alianza kazi Nairobi enzi hizo.

Tukio lililokuja kuigusa Kenya kwa njia ndefu zaidi lilitokea Misri. Vita vilipoisha mwaka 1918, jeshi la Uingereza halikuwarudisha farasi wake nyumbani. Liliwauza Cairo kwa maelfu. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mke wa afisa wa wapandafarasi, alifika mji huo akawakuta farasi waliozeeka wakivuta mikokoteni ya mawe, mbavu nje, alama za jeshi bado zikionekana mapajani. Mwaka 1931 aliliandikia gazeti la Morning Post, wasomaji wakatuma pesa, na ndani ya miaka michache akanunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao aliwaua kwa utaratibu ili wasiendelee kuteseka. Mwaka 1934 alifungua hospitali ya farasi wazee wa vita, ambayo ndiyo chimbuko la shirika la Brooke.

Kwa msomaji wa Kericho jina hilo linachanganya. Brooke Bond, kampuni iliyopanda chai Kericho kuanzia miaka ya 1920, haina uhusiano wowote na mama huyo wa Cairo. Ila ni vigumu kutotabasamu ukiona jina moja likirudi katika nchi ileile, mara likiwa kwenye pakiti ya majani, mara kwenye kliniki ya punda.

Ingefaa kukumbuka uamuzi wa Dorothy Brooke katika mjadala wowote wa kuchinja farasi au punda. Mwanamke aliyewapenda wanyama hao kuliko wengi hakuona kwamba kifo ndicho ukatili. Ukatili kwake ulikuwa maisha yaliyotangulia kifo hicho na namna kinavyoletwa. Wapinzani na watetezi wa vichinjio vya Kenya wangepishana kwenye hoja hiyo karibu karne moja baadaye.

Sura ya 360 ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendera ya Uingereza ikikaribia kushushwa. Ilikataza kupiga, kutesa, kunyima chakula, kubebesha mzigo kupita kiasi. Iliandikwa vizuri. Lakini nchi ilikuwa na askari wachache, madaktari wa mifugo wachache zaidi, na usemi uliokwisha kukubalika kila mahali kwamba punda afe, mzigo ufike. Faini yake ilikuwa na maana wakati shilingi 3,000 zilikuwa pesa. Baadaye ilibaki namba tu.

Ustawi wa punda ukaachiwa mashirika. Mwaka 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua kliniki Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari. Mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yakawa desturi huko. Bara, kuanzia miaka ya 2000, mtandao wa KENDAT na shirika la Brooke walizunguka masokoni wakifundisha wenye mikokoteni kushona matandiko yasiyochubua, kutibu vidonda na kukata kwato. Ni kazi isiyopata vichwa vya habari. Huenda ndiyo iliyowasaidia punda wengi zaidi kuliko sheria yoyote iliyotajwa hapa.

Maziwa ya Siongiroi

Mwaka 2004 au karibu yake wafugaji wa Siongiroi, kwa msaada wa shirika la Heifer International, walikusanya hisa wakajenga kiwanda cha kupoza maziwa. Kabla ya hapo maziwa ya jioni yaliharibika au yaliuzwa kwa bei ya kutupwa. Kiwanda kilibadili hesabu ya kila boma: sasa lita tatu zilizobaki zilikuwa na mnunuzi, mradi zifike mapema kabla hazijachachuka. Mfano huo ulifanikiwa kiasi kwamba mradi mkubwa wa maziwa wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2008 kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates katika Kenya, Uganda na Rwanda, uliutumia kama kielelezo.

Maziwa hayaendi kiwandani kwa kielelezo, huenda kwa miguu. Barabara za Chepalungu zikinyeshewa hugeuka utelezi ambao pikapu haithubutu. Baiskeli, punda, baadaye bodaboda, ndivyo vilivyounganisha zizi na tangi la kupozea. Punda huyohuyo hushuka mtoni na mitungi minne ya lita 20, kazi ambayo bila yeye ingefanywa na mgongo wa mwanamke au msichana. Wataalamu wa uchumi wanajua kuhesabu lita za maziwa. Kuhesabu mgongo uliozibeba ni shida zaidi, na ndiyo maana katika takwimu nyingi za kilimo punda hakuwa na mstari wake. Hakutoa nyama, hakutoa maziwa, hakutoa sufu. Kwa macho ya wizara alikuwa bure.

Mnyama asiye na mstari kwenye hesabu ni rahisi kumwandikia mstari mpya.

1999: Orodha yaongezwa

Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya Kenya ni ya mwaka 1972. Mwaka 1999 mabadiliko yaliyofanywa chini yake yaliwaingiza punda na farasi katika orodha ya wanyama wanaoweza kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Hapakuwa na kelele. Nyama ya punda huliwa na jamii chache nchini, Waturkana wakiwa mfano unaojulikana zaidi. Kwa Waislamu punda wa kufugwa ni haramu, na kwa Wakenya wengine wengi, Wakipsigis wakiwemo, wazo lenyewe linachefua. Kwa zaidi ya miaka 15 mabadiliko hayo yalilala. Farasi, aliyeandikwa pamoja na punda, hakujengewa kichinjio na mtu yeyote.

Wakati huo nchi nyingine zilikuwa zikienda upande wa pili, na yaliyozipata yangeweza kuwa somo. Nchini Marekani, bunge lilizuia mwaka 2005 fedha za kuwalipa wakaguzi wa nyama ya farasi, na mwaka 2007 vichinjio vitatu vya mwisho, viwili Texas na kimoja Illinois, vilifungwa kwa nguvu za sheria za majimbo. Watetezi wa wanyama walishangilia. Kisha ofisi ya ukaguzi ya bunge, katika ripoti ya mwaka 2011, ikaonyesha kwamba farasi waliosafirishwa kwenda kuchinjwa Kanada na Mexico mwaka 2010 walifika karibu 138,000, wengi sawa na waliokuwa wakichinjwa kabla ya milango kufungwa. Walichopata wanyama hao ni safari ndefu zaidi, hadi mahali ambapo mkaguzi wa Marekani hakuwa na mamlaka.

Ulaya nayo iliamshwa Januari 2013, pale mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilipotangaza kwamba baga moja iliyouzwa Tesco ilikuwa na asilimia 29 ya farasi. Nchi baada ya nchi iligundua kwamba nyama iliyoandikwa ng'ombe ilikuwa imepita mikononi mwa madalali wa mataifa matano bila yeyote kuuliza. Tatizo halikuwa farasi, maana Wafaransa na Waitaliano wamemla miaka mingi. Tatizo lilikuwa karatasi zinazosema uongo.

Kuchinja kunakohama na karatasi zinazodanganya: yote mawili yangefika Kenya.

Dong'e yapungukiwa

Kisababishi kilikuwa mbali na Bomet. Katika mkoa wa Shandong, China, mji wa Dong'e unajulikana kwa ejiao, dawa ya jadi inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda hadi itoe gundi. Huuzwa kama tiba ya damu na uchovu, na siku hizi pia kama kipodozi na kitafunio. Kadiri Wachina wa tabaka la kati walivyoongezeka, ndivyo dawa hiyo iliyokuwa ya wachache ilivyokuwa bidhaa ya wengi.

Punda wa China hawakuongezeka nao. Mwaka 1992 nchi hiyo ilikuwa na punda milioni 11 hivi. Trekta na pikipiki zilipoingia vijijini, na ngozi zikawa na bei, idadi ikashuka hadi chini ya milioni 3. Viwanda vikageukia nje. Ripoti ya The Donkey Sanctuary ya Januari 2017 ilifichua ukubwa wa biashara hiyo, na makadirio ya shirika hilo ya mwaka 2019 yaliweka mahitaji ya ngozi karibu milioni 4.8 kwa mwaka, dunia nzima ikiwa na punda kati ya milioni 40 na 50 na ushei. Januari 2018 China ilipunguza ushuru wa kuingiza ngozi hizo kutoka asilimia 5 hadi 2.

Niger na Burkina Faso zilikwisha kustuka mwaka 2016 zikazuia punda wao kwenda nje. Kila nchi ya Afrika Magharibi ilipofunga mlango, wanunuzi walitafuta mwingine. Kenya ilikuwa na bandari, barabara nzuri, huduma ya udaktari wa mifugo inayoheshimika, na mstari wa mwaka 1999.

2016–2018: Vichinjio vinne

Mwaka 2016 vilifunguliwa Goldox huko Mogotio, kaunti ya Baringo, na Star Brilliant huko Naivasha. Vikafuata Silzha katika kaunti ya Turkana na Fuhai huko Machakos. Vyote vilikuwa halali, vikiwa na leseni ya kuuza nje na daktari wa serikali mlangoni. Nyama iligandishwa na ngozi zikatiwa chumvi, zote zikaelekea Asia. Wenye vichinjio walizungumzia ajira kwa vijana na fedha za kigeni, nao hawakuwa wakisema uongo: kwa mara ya kwanza punda mzee aliyekuwa akiachwa afe kando ya barabara alikuwa na mnunuzi. Kwa mfugaji wa Turkana au Baringo aliyepigwa na ukame hilo lilikuwa jambo kubwa, na wapinzani wa biashara hii mara nyingi walilipuuza.

Lakini kichinjio ni tumbo. Kikishajengwa kinataka kulishwa kila siku, na vinne vikiwa na uwezo wa kuchinja mamia kwa siku, punda wazee waliisha upesi. Wakafuata vijana, kisha majike wenye mimba. Bei ya punda, iliyokuwa shilingi elfu chache, ilipanda mara mbili na zaidi. Lori likitoka Bomet lilikuwa na njia mbili za kuchagua: kupitia Kericho na Nakuru hadi Mogotio, au kupitia Narok na Mai Mahiu hadi Naivasha. Wengine waliletwa kutoka mbali zaidi, wakavushwa mipaka ya Ethiopia na Tanzania, siku kadhaa bila maji.

Karatasi zilikuwepo. Mifugo haisafirishwi Kenya bila kibali cha ofisi ya mifugo, na kichinjio cha kuuza nje hakipokei mnyama asiye na kibali. Ila kibali hueleza idadi na mahali. Hakijui punda yupi ni wa nani. Ng'ombe ana alama, ana rangi inayojulikana kijiji kizima, na akipotea vijana huamka usiku kufuata nyayo. Punda ni wa kijivu, na wenzake ni wa kijivu. Akifikishwa mnadani asubuhi ya pili, amekwisha kuwa mali ya mwingine.

Wizi ukasambaa kutoka Naivasha hadi Mwea, Narok hadi Kajiado. Wenye punda waliamka wakakuta kamba imekatwa, na mara nyingine wakakuta kichwa na kwato kichakani, ngozi imekwenda. Huo ndio uliokuja kuitwa uchinjaji wa vichakani, na ulikuwa na sura ya pili: nyama iliyobaki iliingia mijini na kuuzwa kama ya ng'ombe. Yaliyowapata wala baga wa Ireland yalifika kwa wala nyama choma wa Nairobi, bila maabara ya kuyathibitisha haraka.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 shirika la PETA lilitoa picha za video kutoka ndani ya vichinjio vya Kenya, punda wakipigwa na wengine wakiwa wamekufa ndani ya malori. Ulimwengu ulikasirika kwa wiki kadhaa. Wizara ya kilimo haikutikisika sana. Hili linafaa kusemwa bila kuzunguka, kwa sababu baadaye kila mtu alidai ni huruma iliyofunga vichinjio.

2019–2020: Hesabu na maandamano

Kilichoitikisa wizara kilikuwa hesabu. Taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ikishirikiana na Brooke, ilikusanya takwimu za vichinjio vyenyewe. Kuanzia Aprili 2016 hadi Desemba 2018 punda 301,977 walichinjwa, zaidi ya asilimia 15 ya punda wote waliokadiriwa nchini. Walichinjwa kwa kasi ya asilimia 5.1 kwa mwaka huku wakizaliana kwa kasi ya asilimia 1.04. Watafiti walipopiga mstari wa hesabu hiyo hadi mwisho wake, waliufikia mwaka 2023: punda wa Kenya wangekuwa wamekwisha.

Sababu ni maumbile ya punda. Jike hubeba mimba karibu miezi 12, huzaa mmoja, na humnyonyesha kwa miezi kadhaa. Wawekezaji walikuwa wamezungumzia mashamba ya kuzalisha punda, lakini hakuna shamba linaloweza kushindana na kichinjio kinachomaliza mamia kwa siku. Sensa nazo zilielekeza upande uleule: punda wapatao milioni 1.8 mwaka 2009, karibu milioni 1.2 mwaka 2019.

Februari 2020 wenye punda walikwenda Nairobi. Waliandamana hadi Kilimo House, makao ya wizara, wakiwa na mabango na hasira, na tarehe 24 Waziri wa Kilimo Peter Munya aliwatokea. Alitangaza kwamba uchinjaji wa punda kwa biashara umepigwa marufuku, akavipa vichinjio mwezi mmoja, na kusema lile badiliko la mwaka 1999 lilikuwa kosa. Tangazo la Kisheria Nambari 63 la mwaka 2020 likafuata.

Tazama hoja zilizotumika. Wizi. Maisha ya familia zinazotegemea mkokoteni. Akina mama waliorudia kubeba maji kichwani. Punda kwisha. Mateso yalitajwa pia, ila yalikuja nyuma ya mali, kama ilivyokuwa katika vitabu vya sheria tangu mwanzo. Mtu anaweza kusikitika kwamba ilikuwa hivyo. Anaweza pia kuona kwamba hoja ya mwenye punda ilifanya kwa asubuhi moja kile ambacho video za kutisha hazikufanya kwa mwaka mzima, na kwamba maslahi ya mnyama yalipata mtetezi pale yalipokutana na maslahi ya mtu asiye na gari.

2021–2025: Mahakamani, kisha Addis Ababa

Star Brilliant haikukubali. Ilikwenda Mahakama Kuu ya Naivasha kupinga Tangazo la 63, na Mei 2021 Jaji Richard Mwongo akaifuta marufuku. Hakuna aliyesema punda hateseki au kwamba KALRO ilikosea kuhesabu. Kilichokuwa mizanini ni uhalali wa tangazo lenyewe na haki ya mwekezaji aliyepewa leseni na serikali hiyohiyo. Ulinzi uliowekwa kwa karatasi ya waziri uliondolewa kwa karatasi ya jaji. Bunge, ambalo lingeweza kuandika ulinzi huo katika sheria yenyewe, halikuwa limefanya hivyo. Rasimu ya sheria mpya ya ustawi wa wanyama ya kuchukua nafasi ya Sura ya 360 imezunguka katika ofisi za mifugo kwa miaka mingi.

Majirani walikuwa na safari zao. Ethiopia ilifunga kichinjio cha Bishoftu mwaka 2017 baada ya wakazi kupinga. Tanzania, iliyokuwa na vichinjio Dodoma na Shinyanga, ilisimamisha, ikaruhusu, kisha ikasimamisha tena. Kila upande ulipolegeza, punda wa upande mwingine walivuka mpaka usiku, kama farasi wa Texas walivyovuka kwenda Mexico. Ilidhihirika kwamba nchi moja ikifunga peke yake inahamisha tu mahali pa kuchinjia.

Desemba 2022, Dar es Salaam, ofisi ya rasilimali za mifugo ya Umoja wa Afrika iliwakutanisha wataalamu na maafisa wa serikali kuzungumzia punda peke yake, pengine kwa mara ya kwanza katika ngazi hiyo. Walipendekeza biashara ya ngozi isimamishwe kwa miaka 15 barani kote. Februari 2024 wakuu wa nchi, katika mkutano wao wa 37 Addis Ababa, waliridhia kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Afrika ina karibu theluthi mbili za punda wote duniani, kwa hiyo uamuzi huo ni mzito kuliko marufuku yoyote ya nchi moja. Juni 2025 wajumbe walikutana tena, safari hii Abidjan, kujadili utekelezaji.

Utekelezaji ndio sehemu ngumu. Azimio la Umoja wa Afrika halikamati lori. Kila nchi inapaswa kuliingiza katika sheria zake, na Kenya ina ugumu wa ziada: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti ustawi wa wanyama, minada ya mifugo na vichinjio vya kaunti, huku leseni za kuuza nje na kanuni za nyama zikibaki Nairobi. Mwizi wa punda hupita katikati ya mamlaka hizo mbili. Huibia Chepalungu, huchinja kichakani upande wa Narok, ngozi hutiwa chumvi katika kaunti ya tatu, na hakuna ofisi moja inayoiona safari nzima.

Bodaboda nazo zimeongezeka, na kijana mwenye pikipiki hubeba mikebe ya maziwa hadi kiwandani kwa haraka ambayo punda hawezi. Wengine huona kwamba hapo ndipo suala hili litakapoishia, punda akiachwa kama alivyoachwa China. Lakini petroli ina bei yake, mvua ya Aprili ina utelezi wake, na njia ya mtoni haipitiki kwa magurudumu. Kwa mama wa Siongiroi anayemfunga punda wake nyuma ya nyumba jioni, swali lililobaki si la Addis Ababa. Ni nani anayesimamisha lori saa nane za usiku kwenye barabara ya Bomet kwenda Narok, akahesabu vichwa na kulinganisha na kibali, na afisa huyo analipwa na kaunti au na wizara.